Sisibo na Kasha la Saba: Historia Fupi ya Stoo

Najua nimekuwa kimya, kazi zimenibana, lakini leo nimerudi na mada ambayo wengine mtaiona ya kitoto: namna wachezaji wa Minecraft wanavyopanga vitu kwenye makasha na kuyaandikia majina. Kabla hujafunga ukurasa, nivumilie kidogo. Mimi ni mtu wa hifadhidata, nalipwa kwa kupanga vitu visivyoshikika, na kadiri ninavyoifuatilia historia ya makasha ya mchezo huu ndivyo ninavyoiona kazi yangu mwenyewe ndani yake. Tena, kwa njia ya ajabu kidogo, nauona na mji ninaoishi, yaani Eldoret.

Tuanze na nambari. Katika Minecraft, nafasi moja ndani ya kasha hubeba vitu vya aina moja hadi 64, basi. Ukitaka kuweka cha 65, kinahitaji nafasi nyingine. Kuna vichache vinavyoishia 16, kama mayai, na vifaa kama sururu na upanga hukaa kimoja kimoja, lakini mawe, mbao, udongo, makaa, vyote ni 64. Kwa mtu wa kompyuta 64 ni nambari ya kawaida kabisa, ni mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara sita. Kwa mtu wa Eldoret ni zaidi ya hapo. Muulize mzee yeyote wa hapa na atakuambia mji huu unaitwa Sisibo.

Sisibo ni "sixty-four" iliyopita kwenye ulimi wa Wakalenjin. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika kwenye uwanda huu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na serikali ya kikoloni ilikuwa imeukata uwanda vipande vipande vya mashamba, kila shamba na nambari yake. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 ilikaa kwenye shamba nambari 64, na kijiji kilichoizunguka kikaitwa hivyo hivyo, 64. (Wako wanaosema ni maili 64 kutoka kituo cha reli. Mimi nashikilia la shamba.) Mwaka 1912 gavana akakipa jina rasmi: Eldoret, kutokana na neno la Kimaasai la mawe, kwa sababu ya mto Sosiani na mawe yake, na herufi "t" ikapachikwa mwishoni ili jina lisikike kama la Kinandi.

Tusijidanganye kwamba uwanda ulikuwa hauna majina hadi mpimaji alipofika na mnyororo wake. Uasin Gishu lenyewe ni jina la Wamaasai walioishi hapa kabla, na Wanandi walikuwa na majina ya kila kilima na kila kijito. Nambari 64 haikuwa jina la mahali, ilikuwa lebo kwenye daftari la mtu aliyekaa mbali. Kinachonifurahisha ni kwamba watu waliichukua lebo hiyo, wakaitafuna, wakaifanya jina. Gavana alileta jina lake mwaka 1912, mji ukawa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na bado kuna wanaosema Sisibo.

Hadithi nyingine ya Sisibo inayosimuliwa sana ni ya benki. Standard Bank of South Africa ilifungua tawi hapa mwaka 1912, na inasemekana sefu yake, wakati wa kuishusha kwenye gari la ng'ombe, ilianguka chini ikawa nzito mno kuinuliwa tena. Basi wakaijengea benki palepale ilipoangukia. Kama imetiwa chumvi, ni chumvi tamu. Na kila aliyewahi kucheza Minecraft anaijua hali hiyo kwa mwili wake: jua linazama, mazimwi yanakuja, unatupa kasha lako la kwanza chini popote ulipo, halafu unalijengea kibanda. Miezi sita baadaye una jumba la ghorofa tatu ambalo sebule yake imekaa upande usiofaa kwa sababu kasha la usiku ule halikuhama. Programu nyingi nilizorithi kazini zina sefu ya namna hiyo katikati.

Haya, turudi kwenye mchezo wenyewe. Markus Persson wa Sweden, aliyejulikana kwa jina la Notch, aliitoa Minecraft hadharani mara ya kwanza tarehe 17 Mei 2009. Wakati huo hapakuwa na kasha lolote. Hapakuwa na haja. Ulichagua bloki unayotaka na ulikuwa nayo bila mwisho, kama maji ya mto. Ni pale mchezo ulipoanza kukudai uchimbe, utafute na upoteze ndipo stoo ilipohitajika. Kasha likaingia Januari 2010. Hata mkulima hajengi ghala la hewa anayovuta. Hujenga la mahindi, kwa sababu yatakwisha.

Kasha moja lina nafasi 27. Ukiyaweka mawili ubavu kwa ubavu yanaungana kuwa moja kubwa lenye nafasi 54, ambalo likijaa mawe litakuwa na mawe 3,456. Kwetu hapa Uasin Gishu kipimo ni gunia la kilo 90 na mtu anajua bila kufikiri gari la aina gani linabeba magunia mangapi. Mchezaji mzoefu naye anafikiri hivyo hivyo kwa 64. Hasemi "nahitaji mawe 200", anasema "nahitaji mafungu matatu na kidogo".

Mwaka huo huo wa 2010 vikaja vibao vya kuandikia. Hapa ndipo historia ya lebo inapoanza, na ilianza kwa ubanifu. Kibao kilikuwa na mistari minne na kila mstari herufi 15, ukihesabu na nafasi tupu. Mwingereza anaandika "Wood", herufi nne, ameshamaliza. Sisi Kiswahili chetu kinapenda kujieleza. "Mawe ya kujengea" ni herufi 16, yaani unazidi kwa moja tu, inauma! "Vitu vya shamba" ni 15 kamili. "Mbegu na mbolea" ni 15 kamili pia, na siku nilipoligundua hilo nilijiona kama malenga aliyepata mizani. Halafu ukishaandika na kufunga, hukuweza kusahihisha. Ukikosea herufi, au ukibadilisha kilichomo kasha, ilibidi uking'oe kibao na kukiandika upya. Jambo hilo dogo lilidumu hadi Juni 2023, toleo la 1.20, ndipo kibao kikaweza kuhaririwa bila kung'olewa. Miaka 13! Na matokeo yake ni yale unayoyajua katika kila stoo duniani: watu walibadilisha vilivyomo na kuacha kibao kiseme uongo.

Oktoba 2012 zikaingia fremu. Unaitundika fremu juu ya kasha, ndani yake unaweka kitu kimoja cha aina iliyomo, tofali moja, samaki mmoja, mbegu. Lebo isiyo na lugha. Kwenye seva ambako huyu ni Mjerumani, yule ni Mbrazili na wewe ni wa Langas, ilikuwa ukombozi. Ni kama yule mama wa sokoni anayeweka punje chache za maharagwe juu ya gunia lililofungwa. Haandiki kitu, na hujawahi kumsikia mteja akiuliza kuna nini humo.

Halafu Machi 2013, toleo la 1.5, ikaja hopa, na stoo ikawa mashine. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu. Hopa ni kama ule mdomo wa posho mill unaomiminiwa mahindi kwa juu. Inapokea kitu na kukisukuma kwenda kasha lililo chini yake, kimoja kimoja, vitu viwili na nusu kwa sekunde. Toleo hilo hilo lilileta kompareta, kifaa kinachochungulia ndani ya hopa au kasha na kutoa umeme kulingana na ujazo. Mtengenezaji hakuleta mashine ya kuchambua vitu. Alileta vipande viwili hivi, na wachezaji wakaviunganisha wenyewe.

Ujanja wao ni huu. Hopa ina nafasi tano. Katika nafasi ya kwanza weka vitu 41 vya aina unayoitaka, tuseme mbegu. Katika nafasi nne zilizobaki weka kitu kimoja kimoja cha kuziba, ambacho umekipa jina la ajabu kwenye fuawe ili kisifanane na chochote kitakachopita. Jumla ni 45. Sasa vitu mchanganyiko vinapita juu. Jiwe likipita halipati nafasi, linaendelea. Mbegu ikipita inaingia, jumla inakuwa 46, na hapo hasa ndipo umeme wa kompareta unapopanda kutoka 2 kwenda 3. Umeme huo wa 3 ndio unaofika kwenye swichi na kuifungua hopa ya chini, mbegu moja inashuka kwenye kasha lake, jumla inarudi 45, mlango unafunga. Hapana programu, hapana orodha. Kuna hesabu ya ujazo tu. Mara ya kwanza nilipoielewa nilicheka peke yangu chumbani. Mtu aliyekaa na kukokotoa ile 41 ni mhandisi, hata kama alikuwa na umri wa miaka 14.

Udhaifu wake ni ule wa mashine zote za kuchambua. Kasha la mbegu likijaa, mbegu zinarudi nyuma, zinajaza hopa, mstari mzima unakwama, na mara nyingine umeme unavuja kwenda kwa jirani na jirani anaanza kumwaga vitu vyake vyote pamoja na vile 41. Ukirudi kutoka safari unakuta stoo imejichanganya yenyewe kwa utaratibu mkamilifu.

Novemba 2016 likaja kasha la shulka: nafasi 27, na ukilivunja vilivyomo havimwagiki, vinabaki ndani na unalibeba mfukoni. Na ukilipa jina, jina linakwenda nalo. Wengi walilisifu kwa sababu ya ubebaji. Mimi naona jambo kubwa lilikuwa lile la jina. Hadi wakati huo lebo ilikuwa mali ya mahali. Kibao kilikaa ukutani na kiliongelea ukuta. Sasa lebo ikawa mali ya kitu.

Mwaka 2017 tulikuwa wanafunzi watano hosteli moja, tumeunganisha laptopu kwa waya, na tulikuwa na ulimwengu wetu mmoja wa Minecraft toleo la 1.12. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mmoja wetu, kijana mtaratibu sana, ndiye aliyekuwa mweka stoo. Alijenga ukumbi chini ya ardhi wenye makasha makubwa 40, na kwa kuwa herufi 15 zilimchosha, aliyaandika K1, K2, K3 hadi K40. Maana ya kila K ilikuwa kwenye daftari lake, na ndani ya kichwa chake. Ukiuliza "almasi ziko wapi?" alijibu bila kuinua macho: K22. Ilikuwa haraka kuliko kutafuta. Hadi alipokwenda mafunzo ya kazini muhula mzima, daftari likaenda naye, na sisi wanne tukawa tunafungua makasha mamoja mamoja kama wezi katika nyumba yetu wenyewe. Wiki ya tatu kila mtu alikuwa na kasha lake la siri karibu na kitanda chake. Ukumbi ukabaki na popo.

Kumbe mchezo wenyewe chini kwa chini ulikuwa na ugonjwa ule ule. Ndani ya faili zake, bloki hazikuwa na majina, zilikuwa na nambari. Jiwe ni 1, udongo ni 3, kasha ni 54. Sufu ilikuwa 35, na rangi zake 16 zilitofautishwa kwa nambari ndogo ya pembeni, kwa hiyo sufu nyekundu ni 35:14. Zamani nambari hiyo ilihifadhiwa kwa baiti moja, maana yake aina 256 tu, na nafasi ilipobanwa walianza kusukumana. Walioongeza vitu vyao kwenye mchezo walijichagulia nambari, na mara nyingi wawili wasiojuana walichagua ile ile, ukawasha mchezo ukakataa kuwaka. Julai 2018, toleo la 1.13, wenye mchezo waliamua kuzifuta nambari zote. Kila kitu kikapata jina lake kamili: sufu nyekundu ikaitwa sufu nyekundu. Mabadiliko hayo yaliitwa "kusawazisha", kama unavyosawazisha ardhi. Sisibo ikawa Eldoret, kwa mara nyingine, lakini safari hii hakuna aliyeikumbuka nambari kwa mapenzi.

Je, nambari ni mbaya basi? Hapana, na ushahidi wangu uko kilomita chache kusini mwa hapa, Mosoriot, njia ya Kapsabet. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, uliojengwa kwa Microsoft Access. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa mstari katika rejista moja hapa, rejista nyingine kule, na kila chumba na daftari lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Fikiria mama aliyetembea na mtoto mgongoni, robo ya muda wake, karibu, karudishiwa.

Lakini mwaka ule ule wa 2001 ndio mpango wa AMPATH wa matibabu ya Ukimwi ulipoanza Eldoret, na ukakua kwa kasi. Wagonjwa wakawa maelfu, vituo vingi, maswali mapya kila mara, dawa mpya, vipimo vipya. Ukijenga jedwali ambalo kila swali lina safuwima yake, basi kila swali jipya ni kuvunja ukuta na kuongeza chumba. Mwaka 2004 madaktari wawili wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kuangalia tatizo hilo, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingi. Ilianza kazi hapa hapa Eldoret Februari 2006. Wenzangu wa fani hii, tunapozungumzia M-Pesa kila siku, tukumbuke na hili.

Kitovu cha OpenMRS ni kitu kinachoitwa kamusi ya dhana. Kila jambo linaloweza kuulizwa au kujibiwa kuhusu mgonjwa ni dhana, na kila dhana ina nambari. Uzito kwa kilo ni 5089. Hesabu ya CD4 ni 5497. Kumbukumbu ya mgonjwa haina safuwima ya uzito. Ina mistari tu: mtu huyu, dhana hii, jibu hili, tarehe hii. Swali jipya halivunji ukuta, linaongeza neno moja kwenye kamusi. Na dhana moja inaweza kuwa na majina mengi, la Kiingereza, la Kifaransa, la Kiswahili, la kifupi la daktari, yote yakining'inia kwenye nambari ile ile. Dhana iliyopitwa na wakati haifutwi wala nambari yake haipewi mwingine. Inastaafishwa, kama mzee, inabaki kwenye kumbukumbu za zamani ili zisomeke.

Tazama tofauti na K22. Nambari ya mweka stoo wetu ilikuwa ya mahali, na maana yake ilikuwa na mtu mmoja. Nambari 5089 haina mahali, na maana yake imeandikwa pale ambapo kila mtu anaiona.

Ningekuwa nimeisoma historia hii mapema ningepunguza aibu moja. Mwaka 2021 shangazi yangu, mwenye duka la agrovet, aliniomba nimtengenezee programu ya stoo. Mimi na digrii yangu nikaja na nambari. Rafu ya kwanza 1, ya pili 2, hadi 30, na bidhaa ikachukua nambari ya rafu inayokaa. Kijana wa dukani akiambiwa na kompyuta "14" anakwenda rafu ya 14 anachukua. Safi, sivyo? Rafu ya 14 ilikuwa ya mbolea ya majani, ile wakulima wanayoiita busta. Mvua za Machi zilipokaribia mzigo ukaja mwingi, busta ikahamishiwa chini, na pale 14 ikapangwa dawa ya magugu, aina inayokausha kila kijani inachokigusa. Chupa zinafanana kwa umbo. Hakuna aliyebadilisha kitu kwenye programu, kwa sababu mimi sikuweka mahali pa kubadilisha.

Mkulima mmoja alinunua busta ya mahindi yake akaondoka na ile nyingine. Mkewe ndiye aliyeisoma chupa kabla haijamiminwa kwenye pampu. Alirudi nayo dukani mume wake, hakupiga kelele, aliiweka tu juu ya kaunta. Shangazi aliniita.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii kumi na nne yako ni nini? Ni dawa au ni ubao?"

Sikuwa na jibu. Ekari mbili za mahindi, ada ya shule ya mtu, zilikuwa zimeokolewa na mama aliyesoma lebo ya kiwandani huku mfumo wangu ukisema kila kitu kiko sawa. Kosa halikuwa la kijana. Nilikuwa nimefanya kibao cha ukutani kiongelee kitu. Nilikaa wikendi mbili nikaandika upya: bidhaa ina nambari yake isiyobadilika, mahali ni jambo la pembeni linalobadilika, na jina linalotokea kwenye skrini ni lile watu wa dukani wanalolisema. Limeandikwa "Busta", na karibu yake jina refu la kampuni. Shangazi alitaka pia rangi: nyekundu kwa kila kinachoua. Hilo halikuwa wazo langu, na ndilo lililo bora kuliko yote.

Nimalizie historia ya mchezo. Aprili 2019 yalikuja mapipa, ambayo faida yake ni kwamba yanafunguka hata yakiwa na bloki juu yake, kwa hiyo ukuta mzima unaweza kuwa stoo. Oktoba 2024 mfuko wa kubebea vitu mchanganyiko, uliotangazwa tangu 2020, ulifika kwa kila mtu, nao unabeba, bila kushangaza, jumla ya 64. Na mwisho wa Septemba 2025 akaja golemu wa shaba. Huyu ni kijitu kidogo kinachochukua vitu kutoka kasha la shaba na kuvizungusha kwenye makasha ya mbao hadi kipate lenye vitu kama hivyo, au tupu, ndipo kinaviweka. Ile hesabu ya 41 na nne, iliyotumika kwa miaka 12, sasa ina mshindani mwenye miguu. Hasomi vibao. Anafungua kasha na kutazama kilichomo, kama sisi tulivyofanya hosteli. Akikaa sana anashika kutu, na mwishowe anageuka sanamu hadi umkwangue kwa shoka.

Desemba 2025 tuliufungua tena ule ulimwengu wetu wa 2017, niliokuwa nimeuhifadhi kwenye diski ya zamani. Mchezo ulichukua dakika kadhaa ukizipitia bloki zote na kuzigeuza, 1 kuwa jiwe, 54 kuwa kasha, 35:14 kuwa sufu nyekundu. Haukukosea hata moja, kwa sababu kuna aliyeandika jedwali la tafsiri. Lakini vibao K1 hadi K40 vilibaki kama vilivyo. Tulimpigia mweka stoo wetu, siku hizi yuko Doha, tukamwuliza K7 ilikuwa ya nini. Alicheka mpaka simu ikakatika. Daftari lilipotea zamani, na yeye mwenyewe hakumbuki.

Nikashuka ukumbini. K7 ilikuwa na mbegu za ngano, unga wa mifupa, majembe mawili yaliyochakaa na viazi 64. Nikagusa kibao, kikafunguka bila kung'olewa. Mstari wa kwanza nikaandika "Mbegu na mbolea". Mstari wa chini kabisa nikaiacha K7.